Kutoka mapokezi hadi ofisi kuu: mwongozo kamili wa meneja wa kati katika kampuni ya hoteli Nairobi

Ukiwa hotelini, kazi unaisikia kwa masikio. Sinia limeanguka jikoni, lifti imekwama, mgeni wa chumba 214 amepiga simu mara ya tatu kuuliza taulo. Siku unayohamia ofisi kuu, sauti hizo zinakatika. Unapanda ghorofa ya saba ya jengo fulani Upper Hill au Westlands, unapewa kompyuta, kadi ya lango na cheo kirefu, na ikifika saa nne asubuhi unajishangaa: hakuna anayekuita.

Nilikaa katika viti hivyo miaka tisa, kwanza upande wa vyakula na vinywaji, kisha uendeshaji. Nilitokea mapokezi, Mombasa. Jambo lililonichukua muda kulielewa ni hili: ofisi kuu haiuzi chumba hata kimoja. Haipiki chai. Kila shilingi inayolipa kiti chako imetoka kwa mtu aliyelala mahali ambapo wewe hupo. Juu yako kuna wakurugenzi wanaotaka majibu, chini yako kuna hoteli ambazo huziendeshi. Hatua zifuatazo nimezipanga kwa jinsi ambavyo ningezipitia kama ningeanza upya.

Hatua ya 1: Jua jengo ni la nani

Kabla ya kufungua faili lolote, uliza kila hoteli iko chini ya kampuni kwa mkataba gani. Kwa kawaida kuna namna tatu. Kuna hoteli ambazo kampuni inazimiliki yenyewe, jengo na samani. Kuna zile ambazo jengo ni la mtu mwingine na kampuni inaziendesha kwa ada. Na kuna zile zinazotumia jina tu, mwenyewe anaajiri na kuendesha, anachofuata ni viwango vya kampuni.

Tofauti hii inabadilisha kila unachoandika. Katika hoteli ya kuendeshwa, kampuni huchukua asilimia fulani ya mapato yote na, juu yake, asilimia ya faida ya uendeshaji. Mwenye jengo ndiye anayegharamia magodoro mapya, paa na jenereta, mara nyingi kutoka akiba ya ukarabati inayotengwa kila mwezi. Kwa hiyo ukimwandikia meneja wa hoteli hiyo "badilisha mazulia kabla ya Julai", umemwagiza atumie pesa ambazo si zako wala zake. Atanyamaza, na mazulia yatabaki pale pale.

Nairobi tumejifunza kwamba jina ukutani si kitu cha kudumu. InterContinental ilifunga 2020 baada ya miongo kadhaa katikati ya jiji, na Hilton, iliyofunguliwa 1969, ikafuata mwishoni mwa 2022. Basi omba muhtasari wa kila mkataba: unaisha lini, ada inahesabiwaje, ni matumizi ya kiasi gani yanahitaji saini ya mwenye jengo. Ukurasa mmoja kwa kila hoteli unatosha. Mwanasheria wa kampuni atanung'unika kidogo, lakini atakupa.

Hatua ya 2: Jua anayeripoti kwako na asiyeripoti kwako

Kwenye chati ya kampuni kuna mistari iliyonyooka na mistari ya nukta nukta. Meneja mkuu wa hoteli ameunganishwa na mkurugenzi wa uendeshaji kwa mstari ulionyooka. Wewe umeunganishwa naye kwa nukta, kama umeunganishwa kabisa. Mpishi mkuu wa hoteli, mhasibu wake na mkuu wa usafi wa vyumba wana mabwana wawili: meneja wao, na mtu wa ofisi kuu anayesimamia fani yao. Mtu huyo ni wewe.

Kosa la kwanza la wageni wa ofisi kuu ni kumpigia mpishi moja kwa moja na kumpa maagizo. Mpishi atafuata, kwa heshima, na jioni meneja wake atagundua kuna menyu mpya asiyoijua. Piga hodi mlango wa mbele. Mpigie meneja kwanza, sentensi mbili tu: "Mzee, naomba nizungumze na mpishi wako kuhusu gharama ya nyama, kisha nitakuambia tulikofikia." Na umwambie kweli. Hodi hiyo ya dakika moja imenifungulia milango mingi kuliko cheo changu chochote.

Hatua ya 3: Lala hotelini

Katika siku 90 za kwanza, lala angalau usiku mbili katika kila hoteli unayoihudumia. Usiende kukagua. Nenda kama mtu anayejifunza nyumba ya jirani.

Fika jioni, jiandikishe mapokezi kama mgeni yeyote, uhesabu dakika. Usiku, kaa na mkaguzi wa usiku anapofunga siku, kwa kawaida baada ya saa sita. Huyo ndiye anayejua ni vyumba vingapi vilitolewa bure, nani aliidhinisha, na ni bili zipi zimebaki zikielea bila mwenyewe. Mletee kahawa na umwache azungumze. Sijawahi kuondoka hapo bila kujifunza jambo ambalo halimo katika ripoti yoyote.

Saa kumi na mbili asubuhi uwe mlango wa nyuma, mizigo inapopokelewa. Angalia kama mizani inatumika au imefunikwa gunia. Angalia kama kreti ya nyanya inapimwa ikiwa na kreti yenyewe, na kama anayepokea ndiye pia aliyeagiza. Pesa nyingi za hoteli hupotelea pale, mita kumi kutoka kwenye pipa la taka, wala si kwenye mkutano wa bajeti.

Kisha ingia stoo ya mashuka. Kanuni ya zamani ni seti tatu kwa kila kitanda: moja imetandikwa, moja iko kwa dobi, moja inapumzika rafuni. Ukikuta seti mbili, umeelewa kwa nini wageni wanaambiwa vyumba havijawa tayari saa nane mchana. Ofisini walikuwa wakisema wahudumu ni wazembe. Mhudumu mmoja husafisha vyumba 12 hadi 16 kwa zamu; akisubiri mashuka dakika ishirini kwa kila vyumba vitatu, hesabu mwenyewe.

Chakula cha mchana, kula kantini ya wafanyakazi. Chukua sahani na upange foleni. Ukipelekwa mezani kwa wageni na kuletewa kitambaa cheupe, shukuru, kisha kesho yake urudi kantini.

Kuhusu safari: kwa hoteli za Pwani, treni ya Madaraka Express, inayokwenda tangu 2017, inakupa muda wa kusoma hesabu za hoteli njiani. Kwa kambi za Mara, ndege hutoka Wilson kwenye barabara ya Lang'ata na mzigo ni kilo 15, begi laini. Lakini angalau mara moja pita Narok kwa gari. Wageni wengi na mboga zote hupita huko, na ukiipita wewe mwenyewe msimu wa mvua hutauliza tena kwa nini mkate umefika saa sita.

Hatua ya 4: Hesabu nne, uzijue bila kikokotoo

Ofisi kuu huzungumza kwa namba, na mtu aliyetoka mapokezi hudhani anazijua. Nilidhani hivyo.

Anza na ujazo wa vyumba, wastani wa bei, na mapato kwa kila chumba kilichopo, ambayo ofisini utasikia yakiitwa RevPAR. Chukua hoteli ya vyumba 120. Usiku mmoja imeuza vyumba 78 kwa wastani wa shilingi 9,500. Ujazo ni asilimia 65, mapato ni 741,000, na ukigawa kwa vyumba vyote 120 unapata 6,175. Sasa meneja wa mauzo anakuja na ofa: tushushe bei hadi 8,000 tujaze hoteli. Wanauza vyumba 90. Ujazo unapanda hadi asilimia 75, kila mtu anapiga makofi. Mapato ni 720,000, yaani 6,000 kwa kila chumba. Hoteli imejaa zaidi na imeingiza shilingi 21,000 pungufu. Na vile vyumba 12 vya ziada vimesafishwa, vimefuliwa mashuka, vimekula kifungua kinywa. Tuseme kila kimoja kimegharimu 1,400: hizo ni 16,800 nyingine. Usiku mmoja, hasara ya 37,800, kwa makofi.

Ujazo pekee ni namba ya kujisifia. Akikuambia mtu "tumejaa", swali lako la pili liwe "kwa bei gani?"

Hesabu ya pili ni kujua bei halisi iko wapi ndani ya bei ya kwenye tangazo. Mgeni amelipa shilingi 10,000. Ndani yake kuna kodi ya ongezeko la thamani asilimia 16 na tozo ya utalii asilimia 2 inayokwenda Hazina ya Utalii, ambayo wakongwe bado wanaiita ketaringi levi. Gawanya kwa 1.18 na kilicho chenu ni 8,474. Tuseme wakala wa mtandaoni anachukua asilimia 15 ya hapo: 1,271 zimeondoka, zimebaki 7,203. Kifungua kinywa kimepangiwa 900, kiende hesabu za mgahawa. Chumba chenyewe kimepata 6,303. Kama hoteli mbili zinaripoti wastani wa bei, moja ikiwa na kodi ndani na nyingine bila, unalinganisha embe na papai. Na pale panapotozwa malipo ya huduma, yanayogawiwa wafanyakazi, yatoe nayo. Nimeona kikao kizima cha robo mwaka kikimsifu meneja ambaye kosa lake pekee lilikuwa kutogawa kwa 1.18.

Hesabu ya tatu ni gharama ya chakula. Mwezi ulianza na mali ya 1,800,000 stoo, mkanunua ya 2,600,000, mkamaliza mkiwa na ya 1,500,000. Mmetumia 2,900,000. Mauzo ya chakula yalikuwa 8,200,000, kwa hiyo gharama ni asilimia 35 na kitu. Kabla ya kumwandikia mpishi barua kali, uliza swali moja: chakula cha wafanyakazi kimo humo? Kama kilikula 300,000 na kikaondolewa kupelekwa kwenye fungu lake, gharama inashuka hadi chini kidogo ya asilimia 32. Mpishi hakuwa mwizi. Alikuwa analisha watu wetu.

Ya nne ni sarafu. Mikataba ya mawakala wa safari wa ng'ambo huwa ya dola, mishahara na mboga ni za shilingi. Mapema 2024 dola moja ilikaribia shilingi 160; katikati ya mwaka huo huo ilikuwa karibu 130. Kambi iliyouza chumba cha dola 300 ilipoteza shilingi 9,000 hivi kwa usiku bila kukosea chochote. Usisome mapato ya hoteli ya watalii bila kujua yamebadilishwa kwa kiwango cha siku gani.

Hatua ya 5: Kalenda yako ni ya mvua, nyumbu na wapiga kura

Hoteli ya jiji hujaa Jumatatu hadi Alhamisi na kupoa wikendi. Pwani ni kinyume: Desemba, Pasaka, likizo za shule, kisha Mei ni kimya, mvua za masika zinapiga mapaa ya makuti. Mara huchemka Julai hadi Oktoba nyumbu wakivuka. Kumbuka kuwa tangu 2024 kiingilio cha hifadhi kwa mgeni asiye mkazi ni dola 100 Januari hadi Juni, na dola 200 Julai hadi Desemba, kwa hiyo bei ya kambi yako haisimami peke yake mbele ya mgeni. Juni, mwaka wa fedha wa serikali ukikaribia kuisha tarehe 30, kumbi za mikutano Naivasha na Machakos hujaa semina. Malipo yake yanaweza kukufikia baada ya miezi. Usiyahesabu kama pesa mpaka yaingie.

Na kila baada ya miaka mitano kuna Agosti ya uchaguzi. Inayofuata ni ya 2027. Makongamano huahirishwa, mawakala huuliza maswali, na bajeti iliyonakiliwa kutoka mwaka uliotangulia huumbuka. Andika pembeni ya bajeti yako mwezi huo umeukadiriaje na kwa nini.

Jambo dogo lenye faida kubwa: usimwombe mhasibu wa hoteli kitu chochote kati ya tarehe 1 na 9. Anafunga mwezi, na kodi ya mishahara lazima ifike KRA, mamlaka ya mapato, kufikia tarehe 9. Karibu na tarehe 20, siku ya mwisho ya kodi ya ongezeko la thamani, mpe nafasi tena. Ukiheshimu tarehe hizo utaanza kupata majibu siku hiyo hiyo, wenzako wakishangaa una dawa gani.

Hatua ya 6: Kabla ya kutoa waraka

Hapa ndipo meneja wa kati hujenga jina au hulibomoa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mwaka wangu wa pili, nikiwa vyakula na vinywaji, nilipata wazo. Kila hoteli ilikuwa ikinunua samaki kivyake, bei zikipishana. Nikaandaa laha nzuri ya kompyuta, nikapata mkandarasi mmoja wa Nairobi wa samaki wa kugandisha, nikaonyesha wakubwa akiba ya mwaka mzima. Waraka ukatoka: kuanzia tarehe mosi, hoteli zote zinunue samaki kwa mkandarasi huyo pekee. Hata za Pwani. Naam, nilikuwa napeleka samaki baharini kwa lori.

Ikaja Pasaka. Lori likaharibika njiani, na hoteli moja iliyojaa hadi chumba cha mwisho ikabaki bila samaki kwa siku mbili. Nilishuka huko nikiwa na hasira, nikamkuta meneja, mzee aliyeanza kazi nikiwa shule ya msingi, amesimama dirishani.

"Mwanangu, hebu njoo huku," akaniambia. "Unaona nini?"

Niliona ngalawa mbili zimevutwa mchangani, na kijana amebeba nguru begani, mkia unamgonga paja.

"Yule amepita mlango wa jikoni saa moja asubuhi. Mpishi amemrudisha. Amesema kuna waraka."

Sikuwa na la kusema. Lakini kosa langu halikuwa kwamba waraka wote ulikuwa ujinga, na hilo mzee mwenyewe alilikubali tulipoketi. Wakati wa kusi, bahari ikichafuka katikati ya mwaka, mashua ndogo hazitoki, samaki huadimika na bei hupanda. Mkataba wa bei moja ulikuwa unatusaidia sana miezi hiyo. Wakati wa kaskazi, samaki wamelala mlangoni. Waraka wa pili ulisema hivyo tu: kaskazi nunueni ufukweni, kusi chukueni kwa mkandarasi. Mhasibu akaleta tatizo lake, kwamba mvuvi hana risiti. Tukapata mfanyabiashara wa samaki wa pale pale mwenye namba ya KRA, akawa anakusanya kwa wavuvi na kutuandikia ankara. Siku hizi, ankara za eTIMS, mfumo wa kielektroniki wa KRA, zikiwa lazima, suala hilo ni la kulimaliza kabla ya kununua hata dagaa.

Tangu hapo nimefuata utaratibu huu. Kabla ya waraka wowote, napigia simu mameneja watatu: wa hoteli kubwa kuliko zote, wa hoteli ya mbali kuliko zote, na yule mnung'unikaji. Kila kampuni ina mnung'unikaji mmoja ambaye huwa sahihi nusu ya wakati, na nusu hiyo ina thamani. Siwaulizi "mnaonaje", maana watasema ni sawa. Nawauliza hivi: "Hili likianza Jumatatu, kitaharibika nini kwanza?" Kisha nalijaribu katika hoteli moja kwa mwezi mmoja. Ndipo naandika, ukurasa mmoja: nini kinabadilika, kuanzia lini, nani anahusika, na ampigie nani akikwama. Na kila nikiongeza fomu moja, naondoa nyingine na kuitaja kwa jina ndani ya waraka huo huo. Mameneja husoma sehemu hiyo kwanza.

WhatsApp ni ya dharura na salamu za sikukuu. Agizo lenye pesa au nidhamu ndani yake liwe barua pepe. Na kamwe isipite humo picha ya pasipoti ya mgeni, jambo ambalo utashangaa jinsi linavyofanyika kila siku. Sheria ya Ulinzi wa Data ni ya 2019, na taarifa za wageni zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru, kampuni ina saa 72 kumjulisha Kamishna wa Data.

Hatua ya 7: Kupeleka habari mbaya juu

Wakubwa hawaogopi habari mbaya. Wanaogopa kuisikia kwanza kwa mwenye jengo, aliyekwenda kula na familia yake Jumapili akakuta bwawa limekuwa kijani.

Peleka mapema, peleka fupi. Aya ya kwanza: kilichotokea, na kinagharimu kiasi gani. Ya pili: tumeshafanya nini. Ya tatu: uamuzi ninaouhitaji kwako, na siku ya mwisho. Usianze na historia. Usimtaje aliyekosea katika aya ya kwanza. Akitakiwa atatajwa baadaye, naye awe ameshajua kuwa unataja. Nimewahi kuwaficha mameneja kwa huruma na nimewahi kuwachoma kwa haraka. Yote mawili yalinirudia. Kinachofaa ni kumwambia meneja: "Leo saa kumi napeleka hili kwa mkurugenzi. Ungependa niweke maelezo yako yapi?" Hapendi, lakini hakuchukii.

Katika kikao, ukiulizwa namba usiyoijua, sema utaileta kesho saa tatu, kisha ilete saa mbili na nusu. Kubahatisha namba mbele ya mkurugenzi wa fedha ni sawa na kutembea pekupeku jikoni.

Hatua ya 8: Watu, nidhamu na chama

Siku moja utaagizwa "mwondoe yule". Pumua. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, inataka mfanyakazi aelezwe kosa kwa lugha anayoielewa, asikilizwe, na awe na haki ya kuja na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama. Ukiruka hatua hiyo, hata kama kosa lipo wazi kama mchana, kampuni inaweza kushindwa Mahakama ya Ajira kwa sababu ya utaratibu pekee. Wa kuendesha kikao hicho ni hoteli na idara ya rasilimali watu. Kazi yako ni kuhakikisha hakuna barua iliyoandikwa kabla ya kikao. Huwa ipo, imehifadhiwa kwenye kompyuta ya mtu, na tarehe yake hujulikana.

Kupunguza wafanyakazi kuna njia yake: notisi isiyopungua mwezi mmoja kwa chama na afisa wa leba, na malipo yasiyopungua siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Weka gharama hiyo kwenye laha kabla mtu hajaiita akiba.

Katika hoteli zenye makubaliano na KUDHEIHA, chama cha wafanyakazi wa hoteli, yasome makubaliano yenyewe, usisimuliwe. Saa za ziada, posho ya nyumba, sikukuu, yote yamo. Nilijifunza pia kumsalimu mwakilishi wa chama kabla ya kumhitaji. Wengi wao wamekaa hotelini muda mrefu kuliko meneja yeyote, na wanajua bomba lipi limepita wapi.

Hatua ya 9: Zawadi na wasambazaji

Hapa ni kwa ufupi. Desemba vikapu vitaanza kuletwa ofisini: mvinyo, mbuzi mzima, vocha. Viandikishe vyote kwa idara ya ununuzi na vigawiwe kwa bahati nasibu ya wafanyakazi, ukiwemo wewe kama bahati ikikuangukia. Ukipewa chumba cha bure katika hoteli ya kampuni, lipia unachokunywa, mbele ya mhudumu, na uchukue risiti. Habari za bili yako zitafika Nairobi kabla yako.

Hatua ya 10: Kutoka hapo

Kiti cha kati ukikikalia zaidi ya miaka mitano unaanza kusahau harufu ya dobi. Njia ni mbili: kupanda kuwa mkurugenzi wa fani yako, au kurudi uwanjani kuendesha hoteli. Waliosomea Chuo cha Utalii pale barabara ya Thika wengi wanaota ya pili, hata wakisema vingine. Kama ni hiyo, jitolee kukaimu. Meneja akienda likizo yake ya siku 21, omba ukae kwenye kiti chake, Mei, msimu ukiwa chini, ambapo hakuna mwingine anayetaka. Wiki tatu za hoteli tupu yenye mvua zinafundisha mengi kuhusu gharama.

Na ukipewa hoteli yako, kabla ya kusaini omba vitu vitatu: hesabu za miezi 24, orodha ya malalamiko ya wageni ya mwaka mmoja, na umri wa jenereta. Mimi sikuuliza la tatu. Ilizima usiku wangu wa kwanza, saa mbili, kuna arusi ya watu mia nne ukumbini, na simu ya kwanza iliyoingia ilikuwa ya kijana wa ofisi kuu akiuliza ripoti ya kila siku iko wapi. Fomu aliyokuwa akiitaka nilikuwa nimeibuni mimi.